Nilimwambia Mama Mkwe Samaki Wake ni Mwiko

Bibi Lukresia, shikamoo. Natumaini hapo Kambarage hamjambo na mvua imewafikia. Huku kwetu Rwamgasa tu wazima, tena mimi nina furaha kuliko miaka yote ya maisha yangu, na ndiyo maana nimechelewa kukuandikia, kwa sababu niliona haya mtu mwenye furaha kumsumbua mshauri. Wenzangu wanakuandikia wakilia na mama wakwe wabaya. Mimi nalia na mama mkwe mwema, na naomba unitoe kwenye shimo nililolichimba kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mimi ni Msumbwa, mzaliwa wa Ushirombo, nimeolewa na Msukuma aitwaye Bujiku ambaye ni mchimbaji wa dhahabu, na tulikaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto, na katika muda wote huo mama yake, ambaye hapa kila mtu anamwita Mama Bujiku, hakuwahi kuniuliza neno wala kuniangalia tumbo kwa jicho la pembeni, na shangazi zake Bujiku walipokuja na maneno yao kwamba nyumba hii imekuwa kimya mno aliwapa uji wakanywa, kisha akawasindikiza mpaka njia kuu ili wasikae wakayarudia. Sasa mwaka huu Mungu amekumbuka mlango wetu, nina mimba ya miezi saba, na huyo mama anavyonitunza ungedhani mimi ndiye niliyemzaa yeye.

Chini ya maduara, yaani mashimo wanakochimba kina Bujiku, kuna dimbwi la kuoshea mchanga wa dhahabu. Dimbwi hilo halikauki kwa sababu maji yanayochotwa mashimoni yanamwagwa humo, kwa hiyo kiangazi mabwawa mengine yakibaki nyufa tupu, mumi wote wa bondeni (nyie mjini mnawaita kambale) wanakimbilia humo na kunenepa kwenye tope. Mama Bujiku anatega migono yake ya kunasia samaki humo tangu wachimbaji walipofika, na ana mkono wa bahati, migono ya wengine inatoka na majani na ya kwake inatoka na samaki. Anawakausha kwa moshi, na nyumba yetu haijakosa kitoweo hata siku za njaa.

Sasa siku moja ya kliniki Sista Scolastika, mkunga wa zahanati, alitukalisha wajawazito wote kwenye benchi akatuambia kwamba ile zebaki ambayo waume zetu wanakamatia dhahabu haipotei, inakwenda na maji ya kuoshea, inakaa kwenye tope, samaki wanaipata humo, na mama mjamzito akiwala samaki hao mara kwa mara inapita kwake inakwenda kutua kwenye ubongo wa mtoto, na mtoto anaweza kutoka mzito wa kusikia, mzito wa kutembea, mzito wa kujifunza. Wenzangu walicheka. Mmoja alisema mbona mumi mwenyewe anaruka kama ana pepo, ni sumu gani hiyo inayonenepesha, ingekuwa sumu si ingemuua samaki kwanza. Mimi nilicheka nao kwa sababu sikutaka kuonekana najidai, lakini maneno yale nilirudi nayo nyumbani, maana mtoto huyu nimemngoja mno.

Jioni hiyo hiyo nafika nyumbani namkuta Mama Bujiku amenitunzia kichwa cha mumi mkubwa kuliko wote aliowahi kuwapata. Kwao kichwa cha mumi ni cha mjamzito, hapewi mwingine hata mwenye nyumba, wanasema ndicho kinachompa mtoto akili. Bibi, ningeweza kusema ukweli, ila niliona kumwambia samaki wako ni sumu ni sawa na kumwambia wewe mama unanilisha sumu, na mtu aliyenistahi miaka yote ile ningemlipaje hivyo, na wakati nafikiria bado, mdomo wangu ukasema wenyewe, "Mayu, mama yangu, kwetu Ushirombo, katika ukoo wetu mjamzito hali mumi. Ni mwiko."

Nilidhani atabisha. Hakubisha. Aliurudisha mkono kutoka kwenye chungu kama aliyeungua, akaniomba radhi, mimi mkwe wake, akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, kwa nini hukusema mapema? Ningekuponza." Kisha akamgeukia Bujiku akamkemea kwamba ameoa mtu bila kuuliza miiko yao. Kesho yake akaniletea chungu kipya na kisu kipya, vyangu peke yangu. Halafu akaniuliza mjamzito akila hutokea nini, na mimi sikuwa nimejiandaa, nikasema mtoto hutoka na ngozi ya utelezi. Akauliza na harufu je. Nikasema harufu nayo si nzuri sana. Tangu siku hiyo anapika mumi nyuma ya nyumba ili harufu isinifikie, na sasa mvua zimeanza namwona dirishani amejifunika gunia kichwani, amelinda moto kwa mgongo wake, na nikimwambia mayu ingia ndani anasema mwiko wa watu hauchezewi.

Kichwa changu cha mumi sasa wanapewa watoto wa wifi yangu Melania, ambaye tunaishi naye hapa na mtoto wake wa mwisho bado ananyonya, nao wanakula kwa furaha na mimi nakula dagaa zangu pembeni. Bujiku hajui kitu, ananipenda na hana neno. Siku akipata dhahabu tunajifungia jikoni achome lile donge lake la dhahabu kwenye kopo juu ya mkaa, mlango tunaufunga watu wasijue amepata kiasi gani, mimi nampepelea moto na yeye ananichekesha, na hizo ndizo saa tamu za ndoa yetu. Kwa hiyo usidhani nina ugomvi na mtu.

Shida iliyonifikisha kwako ni hii. Mama yangu mzazi anakuja baada ya Noeli kuningojea nijifungue, na mama yangu, bibi, hakuna kitu anachokipenda duniani kama mumi. Alipokuwa na mimba yangu alikuwa akiwala mpaka baba akalalamika. Akifika hapa atasikia harufu, atauliza, ataambiwa ni mwiko wa kwao, na namjua atakavyocheka, atacheka mpaka kanga imdondoke, na mimi nitakuwa nimekaa hapo katikati yao. Naomba uniambie kama ni vizuri nimwandikie mapema akubali kwamba mwiko upo, walau mpaka nijifungue, au kama kuna njia nyingine ya kulimaliza jambo hili bila Mama Bujiku kujua kwamba nilimdanganya. Sitaki kumpoteza mama huyu.

Ni mimi, Mkwe Mwenye Mwiko, Rwamgasa.

*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa hilo tumbo.

Nianze na ulichouliza, maana ndicho chepesi. Usimwandikie mama yako. Unataka mtu mzima asafiri kutoka Ushirombo mpaka Rwamgasa, akalishwe kwenye kigoda cha ugenini, anuse mumi anayempenda kuliko vyote na akane kwamba hamjui, kwa sababu binti yake ametunga mila jioni moja? Mimi pia nimezaliwa upande huo. Miiko tunayo ya kutosha, hatukukutuma utuongezee, na hilo la ngozi ya utelezi nimelisoma kwa sauti hapa ofisini, mpiga chapa ameshindwa kufanya kazi. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imefika mwisho siku mama yako atakaposhuka kwenye basi.

Sasa niseme usichouliza. Barua yako ni ndefu, na sehemu kubwa umeandika juu ya aibu yako. Watoto wa Melania umewapa sentensi moja. Nimeirudia sentensi hiyo nikitafuta mahali ulipoona vibaya, sikupaona. Sista alikuambia samaki wa dimbwi lile wana zebaki inayoharibu ubongo wa mtoto. Wewe ulimwamini. Ulimwamini kiasi cha kumdanganya mama unayempenda. Halafu kichwa ulichokikataa kwa ajili ya mtoto ambaye hajazaliwa, unawatazama watoto waliokwisha kuzaliwa wakikila, na mdogo wao anakipata kwenye maziwa ya mama yake. Hujawa mtu mbaya kwa hilo, mwanangu, umekuwa mtu mwenye hofu, na mwenye hofu huona mlango wake tu. Lakini hapo ndipo ubaya wa uongo wako ulipo. Mwiko wa ukoo wako unakuzuia wewe. Haumzuii Melania wala wanawe, wala Mama Bujiku mwenyewe. Ungesema ukweli siku ile ile, ukweli ungekaa mezani kwa wote.

Na wale waliocheka kwenye benchi uwajibu hivi, kwa sababu hata Mama Bujiku atauliza swali lao. Ni kweli mumi anaruka na ananenepa. Lakini angalia dari la jiko lako. Hakuna siku uliyopika ukaona moshi umeharibu kitu, ila pitisha kidole kwenye boriti utaona masizi. Zebaki hujikusanya hivyo, kidogo kidogo, haitoki upesi. Samaki mdogo anaipata kidogo, mumi anawala wadogo wengi na kila anayemmeza anakuja na masizi yake, na anayekula mumi kila siku ndiye boriti. Ndiyo maana yule mkubwa kuliko wote, aliyetunzwa kwa upendo wote ule, ndiye wa kuogopwa zaidi. Wala usidhani moshi, limau, chumvi au kuchemsha mara mbili kutaitoa. Imo ndani ya nyama yenyewe.

Sikudanganyi lakini. Hakuna aliyelipima dimbwi lenu, na mimi siwezi kukuambia lina kiasi gani. Ninachojua ni kwamba pale zebaki inapomwagwa mtu hangoji kipimo ndipo aondoe chungu chake. Na usije ukakimbia samaki wote ukabaki na ugali na chumvi, maana mtoto anahitaji samaki. Dagaa wa ziwani kula, ngege na sato kula, na maharage na njugu na maziwa ya ng'ombe wa mkweo. Sangara wale wakubwa wawe wa mara moja moja. Melania asimwachishe mtoto ziwa, abadilishe kitoweo tu, na awapeleke watoto wote kwa Sista awaangalie.

Nilikuwa nimeweka kalamu chini, kisha nikarudi kwenye ile sentensi ya kopo na mkaa na mlango uliofungwa. Binti yangu! Umemkimbia samaki ukajifungia na moshi! Lile donge ni dhahabu iliyoshikana na zebaki, na linapochomwa dhahabu inabaki na zebaki inaruka, na ikiruka katika jiko lililofungwa inakwenda wapi kama si kifuani mwako na kwa huyo unayempepelea moto ili akuchekeshe? Huo ni mbaya kuliko mumi, nakuambia, hata kuliko mumi wa mwaka mzima. Mwambie Bujiku leo, usingoje siku nzuri. Achomee mbali na nyumba, mahali pa wazi, asimame upande upepo unakotoka, na wewe usiwepo, wala mtoto yeyote asiwepo. Kopo lile lisiingie tena jikoni. Akisema watu watajua amepata kiasi gani, mjibu kwamba ni afadhali wajue hilo. Na akupende huko sebuleni, kuna nafasi.

Tubaki na Mama Bujiku. Unaogopa kumpoteza, na naona kwa nini, mama wakwe wa namna hiyo hawaletwi na kila mvua. Lakini umemsoma vibaya. Unadhani akijua samaki wake wana sumu atajiona mchawi wa nyumba yake. Huyu ni mtu ambaye aliambiwa jambo moja tu, kwamba kitu fulani kinamdhuru mjukuu wake, na hakuuliza ushahidi, akabeba jiko lake akalitoa nje kwenye mvua. Kama alifanya hivyo kwa mwiko usiokuwepo, ukweli utamshinda nini? Kinachoweza kumuumiza ni kuusikia kwa kicheko cha mama yako, mbele ya watu, baada ya kunyeshewa mwezi mzima.

Kwa hiyo mwambie wewe, na mwambie kabla ya Noeli. Usimtume Bujiku, wanaume wakitumwa ujumbe kama huu huufikisha nusu. Ngoja mkiwa wawili tu, mnapopukuchua mahindi au kuchambua mchicha, upige magoti kama mnavyosalimiana huko, na uanze na kosa lako, siyo na samaki. Sema, "Mayu, nilikudanganya. Kwetu hakuna mwiko huo. Niliogopa jambo aliloniambia Sista, na niliogopa kukuudhi." Ukishasema hayo nyamaza. Usijieleze, usilie ili akubembeleze. Muache akasirike kama atakasirika, ana haki, na hasira ya mama mkwe hupoa, ila mtoto hapikwi mara mbili. Kisha siku ya kliniki nendeni pamoja, aketi kwenye lile benchi, amuulize Sista Scolastika mwenyewe maswali yote anayotaka, pamoja na lile la samaki anayeruka.

Jambo moja tu nakukataza. Mkishaelewana, usiende wewe dimbwini kutoa migono. Wala Bujiku asiende. Mwache aitoe yeye, mchana kweupe, wakati wanawake wenzake wapo wanachota maji. Sista amesema, wakacheka. Wewe ukisema watakuita mjuaji wa kuja kutoka Ushirombo. Lakini Mama Bujiku mwenye mkono wa bahati akiingia kwenye tope mpaka magotini, akatoa migono yake mmoja mmoja, akawamwaga mumi wanono chini na kuwafukia, hakuna mama atakayerudi nyumbani siku hiyo kumpikia mtoto wake samaki wa dimbwi lile.

Bibi Lukresia, Kambarage, Shinyanga.